Haki ya Mbegu Mpya, Wakfu na Mirathi: Mambo ya Kuyajua Kabla ya Kutia Saini

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwananchi anayemiliki, au anayetarajia kumiliki, haki ya kisheria juu ya aina mpya ya mmea, naye anataka haki hiyo isiwe chanzo cha ugomvi baada ya kufa kwake. Tumeliandika vilevile kwa ajili ya yule asiyekuwa na haki hiyo, lakini ameambiwa atoe fedha ili "hataza ya mmea wake" iwekwe katika amana kwa manufaa ya watoto. Huyu wa pili ndiye tunayemhofia zaidi, kwa sababu anaweza kulipia karatasi iliyoandikwa vizuri, yenye muhuri na saini, lakini isiyobeba kitu chochote ndani yake.

Amana haiumbi mali. Amana, iwe wakfu au iwe ya namna nyengine, ni chombo cha kubebea mali iliyokwishakuwepo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ni mali gani hasa unayotaka kuiweka?

Hataza ya mmea haipo Zanzibar

Neno "hataza ya mmea" limetoka nje. Marekani ilitunga sheria ya hataza za mimea mwaka 1930, na mpaka leo mtu aliyepata mmea mpya unaozalishwa kwa vikonyo, kwa kubebesha au kwa njia nyengine isiyokuwa ya mbegu anaweza kupewa hataza yake huko. Zanzibar haikufuata njia hiyo. Sheria ya Mali za Viwanda ya Zanzibar ya mwaka 2008, ambayo daftari lake linashikwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, inatoa hataza kwa uvumbuzi wa viwanda, lakini mimea na wanyama imewaweka nje. Mwembe wako, hata ukizaa embe ambazo hazijapata kuonekana Unguja, haupati hataza hapa.

Kilichopo badala yake ni haki ya mgunduzi wa mbegu mpya ya mmea. Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 2012 na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2014. Na tarehe 22 Novemba 2015 Jamhuri ya Muungano ikawa mwanachama wa UPOV, muungano wa kimataifa unaolinda haki za wagunduzi wa mimea mipya. Chini ya mkataba huo, aina ya mmea hupata ulinzi ikiwa imetimiza mambo manne: iwe mpya, yaani haijauzwa kwa ridhaa ya mwenyewe kwa muda unaozidi ule uliowekwa, itofautiane waziwazi na aina nyengine zinazojulikana, miche yake ifanane, na sifa zake zisibadilike kizazi baada ya kizazi. Ulinzi hauna budi kudumu kwa muda usiopungua miaka 20 tangu haki ilipotolewa, na usiopungua miaka 25 kwa miti na mizabibu.

Sharti la upya ndilo linalowaangusha wengi. Kipimo cha mkataba ni mwaka mmoja wa mauzo ndani ya nchi kabla ya maombi. Mkulima aliyekuwa akiuza miche ya chungwa lake sokoni kwa miaka saba, kisha ndipo akakumbuka kuomba haki, ameshachelewa. Na asiyeanza yeye kabisa amechelewa zaidi. Chukua mfano wa embe boribo la Muyuni, ambalo kila mtu Unguja analijua na jina lake linatangazwa kila msimu. Hakuna mtu leo anayeweza kujitokeza akasema limekuwa lake peke yake kwa sababu mwembe wa babu yake ulikuwa wa mwanzo. Mwembe ni wake, na maembe yake ni yake, lakini aina ile ni ya watu wote. Hali ni hiyohiyo kwa mkarafuu, kwa shokishoki na kwa doriani zilizozoeleka. Akija mtu akakuahidi kukusajilia "haki ya mbegu ya ukoo" juu ya mti wa namna hiyo, mpe maji anywe, umshukuru, umsindikize mpaka mlangoni.

Tuseme pia kwamba sehemu kubwa ya mbegu mpya zilizotolewa visiwani zimetoka katika utafiti wa serikali. Aina nne za muhogo zenye kustahamili ugonjwa wa michirizi kahawia, ambazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilitolewa kwa wakulima mwaka 2007. Mpunga wa SUPA BC, uliopatikana kwa kuchochea mabadiliko katika mbegu kwa mionzi, ulifuata baadaye kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mtafiti aliyefanya kazi hiyo kwa mshahara wa taasisi, kwa kawaida, hana cha kuwarithisha wanawe katika mbegu ile, kwani mgunduzi kisheria huwa ni mwajiri. Akitaka kujua hali yake, asome mkataba wake wa ajira kabla ya kusoma kitabu chochote cha mirathi.

Anayebaki ni nani basi? Anabaki mkulima au mwenye kitalu wa Kiboje, Ndijani, Donge au Bumbwini, ambaye kwa macho yake amegundua mche ulio tofauti, akautenga, akaubebesha, akauchagua tena na tena mpaka ukatulia, na akaomba haki kabla ya kuuza. Sheria za namna hii zinamtambua mtu aliyegundua na kuendeleza aina mpya, wala haziulizi kama amesoma chuo kikuu. Watu hao ni wachache, lakini wapo wanaoweza kufika hapo, na maelezo yanayofuata ni yao.

Vitu vitano vinavyochanganywa

Mwenye haki anapokaa kuandika mpango wa mali yake, mara nyingi husema "shamba langu na mbegu yangu" kana kwamba ni kitu kimoja. Katika Unguja ni vitu vitano, na kila kimoja kina njia yake ya kuhamishwa.

Ardhi ni ya kwanza. Chini ya Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mwananchi anachomiliki ni haki ya kuitumia. Eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zina masharti yake, na hazitolewi wala kugawanywa kama mtu atakavyo. Ya pili ni miti. Kwa desturi yetu ya tangu zamani, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine. Ndiyo maana utasikia fulani amerithi mikarafuu 12 katika shamba lisilokuwa lake. Ya tatu ni haki ya mgunduzi yenyewe, ambayo haionekani kwa macho: ni uwezo wa kumruhusu au kumzuia mwengine asizalishe na kuuza miche ya aina ile. Ya nne ni mrabaha, yaani fedha anazolipa mwenye kitalu aliyepewa leseni. Ya tano ni jina la biashara, kama lipo, ambalo husajiliwa mbali na aina ya mmea.

Hati inayosema "naweka shamba langu la Kiboje wakfu" haikutaja haki ya mgunduzi. Hati inayosema "mrabaha wangu wote uende msikitini" huenda imetoa fedha na kuiacha haki kwenye mirathi, ambako warithi wanaweza kuikatia leseni au kuiacha ife. Tunawashauri wasomaji wadai kwamba mwandishi wa hati ataje kila kitu kwa jina lake, pamoja na nambari ya cheti cha haki na daftari kilimosajiliwa, Zanzibar au Bara.

Mtu akifa bila ya kuandika kitu

Kwa Muislamu, ambaye ndiye msomaji wetu wa kawaida, mpango upo hata asipoandika neno. Katika mali aliyoiacha zitatolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia kama upo, na kinachobaki kitagawiwa kwa mafungu ya Qurani. Mahakama ya Kadhi, inayoendeshwa sasa chini ya Sheria ya mwaka 2017, ndiyo yenye kusikiliza mashauri hayo.

Tuseme mwenye haki amefariki, wazazi wake wametangulia, na ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni, yaani moja ya nane. Saba ya nane iliyobaki inakatwa mafungu saba, kila mwana wa kiume mawili na kila binti moja. Ikiwa mrabaha wa mwaka ni shilingi 1,600,000, mke atapata 200,000, kila binti 200,000 na kila mwana wa kiume 400,000. Hesabu imekaa sawa na haina utata.

Utata uko kwingine. Fedha zinagawika, lakini haki ya mgunduzi haikatwi kwa kisu. Mwenye kitalu wa Mwera anayetaka leseni hawezi kutafuta saini za watu sita, mmoja akiwa Dar es Salaam na mwengine Maskati. Akifariki mmoja wa hao sita kabla ya ugawaji, fungu lake nalo linagawika kwa warithi wake, na mirathi inapanda juu ya mirathi. Anayetaka kuona mwisho wa njia hiyo na apite Mji Mkongwe, atazame nyumba ambazo wenyewe ni warithi wengi hata hakuna anayejiona ana wajibu wa kuziba paa. Boriti zinaoza huku kila mmoja akisubiri mwenzake. Haki ya mbegu huoza haraka kuliko boriti, maana mkataba wa UPOV unaruhusu kufutwa kwa haki ikiwa mwenyewe hakulipa ada za kuidumisha, au ameshindwa kutoa miche na maelezo ya kuthibitisha kwamba aina ile ingalipo kama ilivyosajiliwa. Familia ikigombana kwa miaka miwili bila ya mtu kulipa ada, inaweza kujikuta ikigombania cheti kilichokufa.

Kwa hiyo hata asiyetaka wakfu wala amana afanye angalau hili: aandike nani atakayekuwa wakala wa warithi wote katika kulipa ada, kutoa leseni na kupokea mrabaha, na awaambie wanawe nambari ya cheti na tarehe ya ada.

Wakfu: unachokitoa hakirudi

Wakfu si jambo geni kwetu. Tume ya Wakfu ilianzishwa Zanzibar mwaka 1905, na leo kazi hiyo iko mikononi mwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2007. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, misikiti, visima na mashamba ya minazi na mikarafuu yamewekwa wakfu na watu wa vizazi vilivyopita. Wakfu wa kheri humnufaisha masikini, mwanafunzi, msikiti. Wakfu wa dhuria huinufaisha familia ya mwenye kuuweka, na ukoo ukimalizika huishia kwenye kheri.

Je, haki isiyoshikika kwa mkono yaweza kuwekwa wakfu? Wanazuoni wa zamani walizungumzia nyumba, shamba, kisima, mnyama na kitabu. Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikubali katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988 kwamba haki kama za uvumbuzi, utunzi na jina la biashara ni mali yenye thamani na ni haramu kuidhulumu. Na katika kikao cha Sharja mwaka 2009 likakubali wakfu wa hisa, wa manufaa na wa haki za namna hiyo. Mlango uko wazi, basi. Hata hivyo uamuzi wa baraza hilo si hukumu ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar, na mwenye nia aende kuuliza kabla ya kuandika.

Ugumu unaanzia kwenye muda. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Unguja, yanataka wakfu uwe wa kudumu. Hauwekwi kwa miaka mitano kisha ukarudi. Maliki wao huruhusu wakfu wa muda. Haki ya mgunduzi kwa tabia yake ina mwisho: miaka 25 ya mti ikifika, aina ile huwa ya watu wote na mrabaha hukoma. Wapo watakaosema kwamba hili halina tatizo, kwani hata mnyama aliyewekwa wakfu hufa na wakfu wake ukaisha naye. Sisi tunaona ni vyema kuliandalia jambo hili tangu siku ya kwanza, kwa kuwa sharti la muweka wakfu hufuatwa, na asilolisema yeye hawezi kulisema mwengine baada yake bila ya mabishano.

Njia moja ni kuweka sharti kwamba sehemu ya mrabaha itengwe kila mwaka ili kununua mali yenye kudumu itakayobaki wakfu baada ya haki kumalizika: chumba cha duka, sehemu ya nyumba, au miti. Tuseme haki ya miaka 25 imewekwa wakfu ikiwa imeshatumika miaka tisa. Imebaki 16. Robo ya mrabaha wa shilingi 1,600,000 ni 400,000 kwa mwaka. Kwa miaka 16 ni shilingi 6,400,000, kabla ya faida yoyote. Si utajiri, lakini ni kitu kitakachobaki na jina la marehemu wakati mche wake umeshakuwa wa kila mtu. Hati isiyokuwa na sharti la namna hii itamwachia msimamizi daftari tupu.

Jambo jengine ambalo watu hulijua wameshachelewa ni hili la kutorudi. Wakfu ulioswihi hauvunjwi kwa sababu muweka wakfu amebadili mawazo, amepata shida ya matibabu au ameoa tena. Na kwa kauli iliyotiwa nguvu katika madhehebu ya Shafii, mtu hawekei wakfu nafsi yake. Hii ina maana kwamba mzee anayetegemea mrabaha kwa chakula na dawa hawezi kuuweka wote wakfu leo huku akitarajia kuendelea kuula yeye. Akiambiwa na mtu kuwa inawezekana "kwa ujanja wa maneno", akumbuke kwamba hukumu haiangalii ujanja wa aliyelipwa kuandika.

Anayetaka kutumia mali yake mpaka mwisho wa uhai kisha iwe wakfu, huyo anafanya wasia, na wasia una mpaka: hauzidi thuluthi moja ya mali baada ya mazishi na madeni, wala haumwendei mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wengine. Wakfu uliowekwa katika maradhi ya mauti nao huhesabiwa kwa kipimo hichohicho cha thuluthi. Haisaidii kumwita mwandishi hospitalini.

Wakfu wa kumkwepa binti

Hatuoni haya kulisema hili. Baadhi ya wanaotafuta wakfu wa dhuria hawatafuti thawabu wala utulivu wa familia. Wanataka mali isiwafikie mabinti, au isimfikie mke, kwa kisingizio kwamba "wataolewa na kupeleka mbegu kwa watu". Sheria ya mirathi imempa binti fungu lake, na wakfu unaowataja watoto wa kiume pekee unakaribisha kesi.

Historia ya pwani yetu ina funzo juu ya nyaraka zilizoandikwa kwa matumaini makubwa. Mwaka 1894, Privy Council, baraza la rufaa la dola ya Uingereza huko London, liliamua katika shauri lililotoka Bengali kwamba wakfu wa familia ambao kheri yake ni ya jina tu ni batili. Uamuzi huo ulifuatwa na mahakama za Afrika Mashariki. India iliurekebisha kwa sheria ya mwaka 1913, lakini shauri la familia ya Bakhshuwen kutoka Kenya, lililochapwa katika ripoti za sheria za 1952, lilifika London na wakfu wa familia ukabatilishwa kwa msingi uleule. Wanazuoni wengi wa Kiislamu waliona kwamba majaji wale hawakuielewa sheria waliyoitafsiri, na sisi tunawaunga mkono. Lakini familia haikulipwa fidia kwa kuwa majaji walikosea. Wakati umebadilika na sheria zimebadilika, ila hati ya wakfu bado itasomwa siku moja na mtu asiyemjua aliyeiandika, na maneno yake yatapimwa kama yalivyo.

Kabla ya kufika huko, kuna jambo linalotangulia mirathi na linalosahauliwa zaidi: nani aligundua? Si mara chache kazi ya kitalu hufanywa na mke. Yeye ndiye aliyeuona mche tofauti, ndiye aliyekata kikonyo na kuubebesha, ndiye aliyemwagilia. Cheti kikaombwa kwa jina la mume kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda mjini. Turudi kwenye hesabu yetu. Cheti kikiwa cha mume peke yake, mjane anapata 200,000 kwa mwaka. Kikiwa kimesajiliwa kwa majina mawili nusu kwa nusu, 800,000 ni zake yeye na haziingii katika mirathi kabisa. Na katika 800,000 za marehemu anapata thumni yake, 100,000. Jumla 900,000. Kati ya 200,000 na 900,000 hakuna wakfu wala wasia, kuna fomu ya maombi iliyojazwa sawasawa wakati wote wawili wakiwa hai. Kina mama wenye vitalu wasikubali kuambiwa kwamba jina ni jambo dogo.

Unapokaa na mwandishi wa hati

Muulize kwanza akuoneshe cheti cha haki, si barua ya maombi. Maombi ambayo hayajajibiwa hayajawa mali yako, na huwezi kuweka wakfu usichokimiliki. Muulize haki imebakiwa na miaka mingapi, ada ya mwaka inalipwa na nani baada ya wewe kufa, na kutoka fungu gani. Hati nzuri husema kwamba ada hutolewa kabla ya mnufaika yeyote kupata senti. Muulize msimamizi ni nani, nani atashika nafasi yake, na hesabu atazitoa kwa nani. Familia ikihofia kwamba hakuna mwaminifu wa kutosha, Kamisheni ya Wakfu inaweza kuulizwa kuhusu usimamizi.

Hamisho la haki liandikwe na lipelekwe kwenye daftari lililotoa cheti. Wakfu uliotamkwa msikitini mbele ya mashahidi ni jambo zito kidini, lakini msajili asiyekuwa na taarifa ataendelea kumjua mmiliki wa zamani, na mwenye leseni ataendelea kumlipa yeye.

Usimwachie mtu cheti chako halisi. Nakala inatosha kuandikia hati. Usitie saini maandishi ya Kiingereza kama hukisomi, hata kama yamefasiriwa kwa mdomo na kijana mwenye heshima. Dai hati kwa Kiswahili. Na bei ikitajwa kuwa sehemu ya mrabaha wa miaka yote ijayo badala ya malipo ya kazi iliyofanywa, simama hapo kwanza. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuuliza katika Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa hali yake.

Kwa wasomaji wasiokuwa Waislamu maelezo ni mafupi zaidi. Mirathi yao huenda kwenye mahakama za kawaida, na mpaka wa thuluthi si wao. Wanaweza kuandika hati ya amana yenye wadhamini na masharti wanayoyataka, pamoja na uwezo wa kuibadilisha wakiwa hai. Yote tuliyoyasema kuhusu cheti, ada, muda na daftari yanawahusu vilevile.

Kwa walio ughaibuni na kwa wanunuzi wa miche

Mzanzibari aliyepata hataza ya mmea Marekani ana mali ya Marekani. Huko huhamishwa kwa maandishi na kusajiliwa katika ofisi ya hataza, na sheria yao inampa aliyehamishiwa miezi mitatu ya kusajili ili mnunuzi wa baadaye asimtangulie. Hataza hiyo haitoi ulinzi wowote Unguja, na amana iliyoandikwa huko haibadilishi chochote katika cheti cha Zanzibar. Mwenye vyeti viwili anahitaji hati mbili, na aliyeiandika ile ya kwanza si lazima awe anaijua sheria ya pili.

Mwenye kitalu aliye na leseni, akisikia kwamba mwenye haki amefariki, asiwalipe warithi watakaofika kwanza. Aombe barua ya usimamizi wa mirathi au hati ya wakfu iliyosajiliwa, na mpaka aipate azitenge fedha za mrabaha mbali na fedha za biashara, aandike tarehe na kiasi, na awape warithi wote taarifa kwa maandishi. Akimlipa mtu siye, anaweza kudaiwa tena. Mkulima anayenunua miche kumi ya kupanda kwake nyumbani hana haja ya kuingia katika mambo haya. Mkataba wa UPOV unakiacha nje ya haki ya mgunduzi kitendo cha mtu binafsi kisichokuwa cha biashara, naye anachohitaji ni risiti yenye jina la aina ya mmea na jina la kitalu, ili miaka minne baadaye, mti ukizaa tunda jengine, ajue pa kwenda kulalamika.